Mali bila daftari, na afya bila daftari

Leo nakuomba tupande pamoja mlimani, katika tarafa ya Mgeta, wilaya ya Mvomero, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Huko ndiko alikozaliwa mama yangu, na huko ndiko tulikomzika mjomba wangu mapema mwaka huu.

Msomaji asiye Mluguru huenda asitambue uzito wa neno mjomba kwetu. Sisi tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na shamba hupita upande huohuo. Mjomba ndiye mlango wa nyumba. Huyu wetu alikuwa na miaka 59, mkulima wa kabichi, karoti na njegere katika mashamba ya mteremko yaliyo juu ya Nyandira. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, na hakuwa mvutaji wa sigara. Asubuhi moja, akiwa anatia udhu kwa ajili ya sala ya alfajiri, mkono wa kulia ukalegea na ulimi ukawa mzito. Siku ya tatu tukaambiwa ni kiharusi, na siku ya tano akarejea kwa Mola wake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nilipokwenda kumtazama mkaza mjomba, akiwa bado edani, alinifungulia kasha la bati ambalo marehemu alitunzia karatasi zake. Ndani yake mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto sita, risiti za mauzo ya mboga za miaka na miaka, hati za mbegu za mkopo, na kadi za kliniki za watoto wote sita, hata ya kifungua mimba ambaye sasa ana miaka 34. Kadi zile zilikuwa safi kama zimeandikwa jana. Lakini kuhusu afya ya mwenye kasha tuliona kikaratasi kimoja tu, kilichokunjwa mara nne, kilichotoka katika upimaji wa bure uliofanyika siku moja isiyojulikana. Kiliandikwa maneno mawili: “Lehemu 230.” Hakikuwa na tarehe wala kizio cha kipimo, na hakikuonyesha aliyepima.

Kifungua mimba, binamu yangu, ndiye anayepeleka mboga Dar es Salaam kwa lori. Aliniambia, “Dada, mimi nilipimwa lehemu kule mjini mwaka jana. Yangu ilikuwa 5.4. Nilipokiona kikaratasi cha baba chenye 230, nikashukuru Mungu kwamba mimi sina kitu.” Nilinyamaza kidogo, kwa kuwa niliona namna kosa dogo la karatasi linavyoweza kumlaza mtu usingizi wa raha asiostahili kuulala. Ndugu msomaji, 230 ya baba na 5.4 ya mwana hazikuandikwa kwa kizio kimoja. Ya kwanza ni miligramu katika desilita ya damu, ya pili ni milimoli katika lita. Ukizidisha 5.4 kwa 38.7 utapata takriban 209. Kijana wa miaka 34 hakuwa mbali na baba yake wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa njiani, nyuma yake kidogo tu.

Mambo mawili yalinifanya niandike makala hii: kile kikaratasi, na zile kadi sita zilizotunzwa vizuri.

Lehemu ni nini, na kwa nini ihesabiwe

Wengi tunaitaja lehemu kana kwamba ni uchafu ulioingia mwilini. Sivyo. Lehemu, ambayo wengine huiita kolesteroli, ni aina ya mafuta ambayo mwili wenyewe huitengeneza, hasa katika ini. Huitumia kujengea kuta za chembe zake, kutengenezea baadhi ya homoni, na kutengenezea nyongo inayosaga mafuta ya chakula. Mtu asiye na lehemu kabisa hawezi kuishi. Tatizo huanza pale inapozidi kiasi katika damu, hasa ile inayobebwa na chembe ziitwazo LDL, ambayo kwa lugha ya nyumbani tunaiita lehemu mbaya. Hiyo hujipenyeza katika kuta za mishipa na kujilundika taratibu kwa miaka mingi. Ile inayobebwa na HDL, tunayoiita lehemu njema, ni sehemu ya njia ya kurudisha ziada kwenye ini. Mshipa unaopeleka damu kwenye moyo ukiziba, moyo huumia. Ukiziba unaopeleka damu kwenye ubongo, ndicho kiharusi.

Sasa angalia neno nililolisema: kwa miaka mingi. Lehemu haina homa, haina kikohozi, haiumi. Mwenye nayo hulima, husafiri, huoa na kuozesha. Kwa hiyo kipimo kimoja cha siku moja ni kama picha ya mto iliyopigwa mara moja: unaona maji yapo, lakini hujui kama yanajaa au yanapungua. Tena kipimo hicho hubadilika kwa sababu nyingine kabisa. Mjamzito lehemu yake hupanda kwa kawaida, na aliyetoka kuugua sana hushuka kwa muda. Hata mtu mzima wa afya hatatoa namba ileile kila siku.

Akina mama wa Mgeta wanalijua somo hili kuliko wanavyodhani. Mama anapompeleka mtoto kliniki hasemi, “Mwanangu ana kilo saba,” akaishia hapo. Hutazama mstari ulio kwenye kadi. Je, unapanda? Umelala? Unashuka? Mtoto mwenye kilo saba ambaye mstari wake unapanda ni furaha, na mwenye kilo saba ambaye mwezi uliopita alikuwa na saba na nusu ni sababu ya kuitwa pembeni na muuguzi. Hekima yote ya kufuatilia afya imo katika kadi ile. Ajabu ni kwamba tunamfanyia mtoto mpaka afikishe miaka mitano, kisha tunafunga kadi, tunaiweka katika kasha la bati, na mtu huyohuyo anaishi miaka hamsini inayofuata bila mstari wowote. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali, na mjomba wetu alipotea bila habari.

Waliopima kabla yetu

Lililo kweli kwa mtu mmoja ni kweli kwa kijiji kizima. Mji mmoja mdogo wa Marekani uitwao Framingham ulianza kufuatiliwa mwaka 1948. Wanaume na wanawake 5,209 walikubali kupimwa na kurudi kwa daktari kila baada ya miaka miwili. Hawakuwa wagonjwa, walikuwa watu wa kawaida wa mji. Ni kutokana na subira ya watu hao, na baadaye watoto na wajukuu wao, ndipo dunia ilipopata uhakika kwamba lehemu iliyozidi, shinikizo la damu na sigara hutangulia maradhi ya moyo kwa miaka mingi.

Afrika Mashariki nayo haikulala. Mwaka 1959, madaktari A. G. Shaper na K. W. Jones waliokuwa Kampala walichapisha vipimo vya lehemu vya Waafrika na Waasia wa Uganda. Lehemu ya Waafrika ilikuwa chini sana, na maradhi ya mishipa ya moyo kwao yalikuwa nadra mno. Kwa Waasia vyote viwili vilikuwa juu. Waliishi nchi moja na kupigwa na jua moja, lakini vyungu vyao na kazi zao vilitofautiana.

Hapa kwetu Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa Muhimbili akiwamo Profesa Donald McLarty na Dakta Andrew Swai walipima zaidi ya watu 8,000 wenye miaka 15 na kuendelea, katika vijiji vya mikoa ya Kilimanjaro, Mara na Morogoro yetu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1993 yalionyesha kuwa viashiria vya maradhi ya moyo, lehemu ikiwamo, vilikuwa vichache vijijini. Kilimanjaro, iliyokuwa na neema zaidi ya mali, ndiyo iliyokuwa na lehemu ya juu kuliko wenzake.

Sasa tuje mwaka 2012. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliongoza uchunguzi wa nchi nzima kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Katika kila watu 100, takriban 26 walikuwa na lehemu ya jumla iliyofika au kupita 5.0 kwa kizio cha milimoli. Yaani mmoja kati ya wanne.

Hapa naomba uadilifu wa hesabu. Mtu mwepesi atasema: mwaka 1980 na kitu lehemu ilikuwa chache, mwaka 2012 ni robo ya watu, basi imepanda kiasi kadhaa. Hapana. Uchunguzi wa kwanza ulikuwa wa vijiji tu na uliwaingiza vijana wa miaka 15. Wa pili ulikuwa wa mijini na vijijini na ulianzia miaka 25. Lehemu huongezeka kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo ukilinganisha kundi lenye vijana wengi na lisilo nao, unapima pia umri. Mwenye kulinganisha shehena mbili za kabichi hawezi kuipima moja kwa gunia na nyingine kwa tenga, kisha akatangaza bei imepanda. Tunachoweza kusema kwa haki ni kwamba sifa ya lehemu chache tuliyopewa wakati ule hatuwezi tena kuiegemea tukiwa tumefumba macho.

Onyo lililotoka Morogoro

Lipo jambo jingine, nalo linatuhusu sisi wa milimani moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1992, Wizara ya Afya pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza waliendesha mradi wa kufuatilia vifo vya watu wazima katika maeneo matatu: Dar es Salaam, wilaya ya Hai, na wilaya ya Morogoro Vijijini, ambayo wakati huo Mgeta ilikuwa ndani yake. Waandikishaji walipita nyumba kwa nyumba katika maeneo yaliyochaguliwa. Anapofariki mtu, walirudi kwa adabu kuwauliza ndugu dalili zilizotangulia kifo. Kwa upande wa Morogoro peke yake waliofuatiliwa walikaribia 100,000.

Matokeo kuhusu kiharusi yalichapishwa mwaka 2000. Baada ya kusawazisha umri, kwa watu wa miaka 15 hadi 64, wanaume waliokufa kwa kiharusi kila mwaka Morogoro Vijijini walikuwa 35 katika kila 100,000, na wanawake 27. Kwa kipindi hichohicho, Uingereza na Wales wanaume walikuwa 10.8 na wanawake 8.6. Dar es Salaam ilikuwa mbaya zaidi: wanaume 65 na wanawake 88.

Isome tena, ndugu msomaji. Katika mkoa ambao madaktari walikuta viashiria vichache vya maradhi ya moyo vijijini, kiharusi kilikuwa kikiua watu wa umri wa kufanya kazi zaidi ya mara tatu ya Uingereza. Inawezekanaje? Watafiti waliona sababu kubwa kuwa shinikizo la damu lisilotibiwa. Mshipa hauzibwi na mafuta tu. Hupasuka au kuharibika pia kwa msukumo mkubwa wa damu unaoachwa miaka bila dawa.

Kwa hiyo mzee wa Mgeta anaposema, “Mimi ni mtu wa mlimani, sina mafuta ya mjini,” anasema nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua. Nilimuuliza mkaza mjomba lini marehemu alipimwa shinikizo la damu mara ya mwisho. Alifikiri, akasema, “Labda ule mwaka alipoumwa na nyoka.” Ilikuwa zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Ndiyo maana nasema: tukianza kufuatilia lehemu, tusiitenge. Iandikwe pamoja na shinikizo la damu, sukari, uzito na mzunguko wa kiuno. Na kama senti zinatosha kipimo kimoja tu, kianze cha shinikizo la damu.

Mlima wenyewe umebadilika

Katika utoto wetu, kutoka Nyandira kwenda shambani na kurudi ilikuwa jasho la kweli. Ugali ulikuwa wa unga usiokobolewa sana, kitoweo maharage au njegere, na mboga za majani za kila siku. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walileta mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, nayo ikawa neema kwa watoto wengi.

Leo bodaboda inafika karibu na mlango. Mafuta ya kupikia yanauzwa kwa kipimo kidogo ambacho kila nyumba inakimudu, na mengi ya hayo ni ya mawese, yale yanayoganda asubuhi ya baridi ya Mgeta. Chai ya asubuhi ni ya maandazi au vitumbua vilivyokaangwa. Na jambo linaloniuma zaidi: tunapakia kabichi, karoti na koliflawa kwenda mjini, kisha lori linarudi na ndoo za mafuta na katoni za biskuti. Tunawauzia wengine dawa na kujinunulia ugonjwa.

Sisemi hivi ili kuwatia watu hofu wala kuwalaumu akina mama, ambao hupika kile kilichopo. Nasema kwa sababu lehemu ya kijiji inaweza kushuka kama ilivyopanda, na ushahidi upo katika bahari yetu hii ya Hindi. Kisiwa cha Mauritius kilikuwa kikitumia kwa wingi mafuta ya kupikia ya mgao yaliyotawaliwa na mawese. Mwaka 1987 serikali ilibadilisha mafuta hayo yawe ya soya. Watafiti walipima watu mwaka 1987, wakapima tena mwaka 1992. Wastani wa lehemu ulishuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Hawakulazwa hospitali wala kugawiwa vidonge kisiwa kizima. Yalibadilika mafuta ya kikaangoni. Lakini angalia: kama wasingepima mwaka 1987, wasingejua kitu mwaka 1992. Mabadiliko yangetokea na hakuna ambaye angeyaona.

Hapa kwetu, watafiti waliokwenda wilaya ya Ludewa na kuchapisha kazi yao mwaka 1996 walilinganisha kijiji cha wala samaki kando ya Ziwa Nyasa na kijiji cha mlimani kinachokula zaidi nafaka na mboga. Wala samaki walikuwa na lehemu ya chini zaidi, na shinikizo la damu la chini pia. Hivyo mwenye uwezo wa kupata dagaa au samaki wa kuchemsha asione ni chakula cha unyonge.

Daktari wa London, Geoffrey Rose, aliandika mwaka 1985 jambo ambalo kila kiongozi wa jamii anapaswa kulifikiria. Alilinganisha shinikizo la damu la watumishi wa serikali wa London na la wafugaji wanaohamahama wa Kenya, akaona kwamba tofauti haikuwa kwa wagonjwa wachache tu. Kundi zima la London lilikuwa limesogea juu. Funzo lake ni kwamba punguzo dogo kwa kila mtu huokoa roho nyingi kuliko punguzo kubwa kwa wachache walio taabani. Kupunguza kijiko kimoja cha mafuta na chembe za chumvi katika kila chungu cha Mgeta ni jambo dogo kwa kila nyumba, na ni jambo kubwa kwa mlima mzima.

Tufanye nini, kwa utaratibu

Kwanza, kila familia iwe na daftari moja la afya la watu wazima. La mistari, la bei ndogo, linatosha. Kila mtu apewe kurasa zake. Kila anapopimwa iandikwe tarehe, mahali, namba, na kizio chake, milimoli au miligramu. Iandikwe kama alikuwa amekula au la, na dawa anazotumia. Anayepimwa asiondoke mezani kabla ya kuuliza kizio. Hilo ni haki yake, na kuuliza si utovu wa adabu.

Pili, mwenye miaka 40 na zaidi aanze sasa. Mwenye mzazi au ndugu aliyepatwa na kiharusi au maradhi ya moyo akiwa bado na nguvu asisubiri 40. Ipo lehemu ya kurithi, inayompata takriban mtu mmoja katika kila 250 au 300, na mzazi mmoja mwenye nayo anaweza kuipitisha kwa nusu ya watoto wake. Ukoo wetu Waluguru hupita kwa mama, lakini lehemu hii hupita kwa wote wawili. Kwa hiyo ulizeni upande wa baba pia.

Tatu, tuchague mwezi wa kupimana, na uwe mwezi wa kalenda ya jua. Nimesikia pendekezo zuri la kuambatanisha upimaji na Maulidi au na siku za kabla ya Ramadhani, ambapo watu wamekusanyika. Nia ni njema, lakini mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi. Upimaji wa mwaka huu ukiangukia msimu wa mavuno, baada ya miaka kadhaa utaangukia msimu wa njaa, na tutadhani damu zimebadilika kumbe ni msimu. Mikusanyiko itumike kutangaza na kufundisha. Kupima kuwe na mwezi wake usiohama.

Nne, jamii isihesabu waliojitokeza tu. Wanaokuja kwenye hema la upimaji mara nyingi ni wenye wasiwasi, na wenye nafasi. Mkulima aliye bondeni anamwagilia haji. Kama kijiji kinataka kujijua, orodha ya kaya ichukuliwe kwa kibali cha serikali ya kijiji na wataalamu wa afya wa wilaya, kaya zichaguliwe kwa kura, zitembelewe, na zirudiwe baada ya miaka mitatu au mitano kwa kipimo cha aina ileile. Jambo hili likiwa la utafiti, lina taratibu zake za kitaifa za kibali, nazo zifuatwe.

Tano, siri. Damu ya mtu ni sitara yake. Majina yabaki kwa mhudumu wa afya. Kinachosomwa mbele ya watu ni hesabu ya kijiji, si ya fulani bin fulani. Na asipimwe mtu ila kwa ridhaa yake, mke kwa ridhaa yake na mume kwa ridhaa yake. Siku jina moja litakapotajwa barazani, daftari lote litakufa.

Sita, namba ikiwa juu, njia ni kituo cha afya, na si muuzaji wa chupa anayedai kusafisha mishipa kwa siku saba. Kilichojijenga kwa miaka 20 hakioshwi kwa wiki moja. Daktari atatazama lehemu pamoja na umri, shinikizo la damu, sukari na uvutaji wa sigara, kisha ataamua kama chakula na mwendo vinatosha au dawa inahitajika. Aliyepewa dawa asiiache kwa sababu anajisikia vizuri, kwani hata kabla ya dawa alikuwa anajisikia vizuri.

Na katika vyungu vyetu tuanze na yaliyo karibu: mafuta ya alizeti mahali pa yale yanayoganda, kuchemsha na kuoka mahali pa kukaanga, maharage na njegere kabla hazijapakiwa lorini, na chumvi ya mezani iondolewe mezani. Dini yetu imetufundisha kula na kunywa bila israfu, na kuacha nafasi tumboni. Futari yenye vya kukaanga vitano baada ya kutwa ya saumu ni mahali pazuri pa kulikumbuka fundisho hilo.

Siku niliyoondoka Nyandira, binamu yangu alinunua daftari dukani. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaandika jina la baba yake, na chini yake: “Lehemu 230, miligramu. Tarehe haijulikani.” Ukurasa wa pili akaandika jina lake, 5.4 milimoli, na mwezi aliopimwa mjini. Kisha tukashuka pamoja hadi kituo cha afya, akapimwa shinikizo la damu kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima. Namba ile ni siri yake, nami sitaitaja. Nitasema tu kwamba aliambiwa arudi baada ya wiki mbili, na amerudi.

Tunamuomba Allah amrehemu mjomba wetu na marehemu wote wa Kiislamu, awape wafiwa subira, na atujaalie kuitunza amana ya miili aliyotukabidhi. Wabillahi tawfiq.